Shajara ya masika: mkoba wa babu, kiti cha wakili na vipande kumi na vinne vya ngozi

2 Machi

Mwaka jana masika yalinila mikanda tisa. Ilikuwa imekwisha: imeshonwa, imetiwa rangi, kingo zimelainishwa, bizimu zimefungwa. Nikaipaka mafuta ya nazi mara mbili ili ishibe, nikaiviringisha, nikaitia kwenye mifuko ya nailoni isiguswe na vumbi, nikaipanga kabatini ikisubiri wateja wa Sabasaba. Nilipofungua mwezi wa sita, saba ilikuwa na manyoya ya kijivu na kijani. Miwili iliyosalia ilinuka uvundo ambao hautoki hata leo.

Kinachoniuma zaidi ya hela ni kwamba kila nilichofanya nilikifanya kwa nia ya kuitunza. Niliinywesha mafuta, nikaifunika, nikaificha. Kwa hiyo mwaka huu, kabla mvua kubwa haijaanza hapa Tanga, naanza kuandika tarehe kwa tarehe, ili nijue ngozi iliyokwisha kutengenezwa inalindwa na nini hasa katika hewa yetu hii ya pwani.

Nimekata vipande kumi na vinne kutoka bega moja la ng'ombe. Ni ngozi ya magome, ile inayotengenezwa kwa maji ya miwati kama inayopandwa kule Njombe. Rangi yake ya asili ni ya waridi iliyofifia. Kila kipande urefu wa shubiri, upana wa vidole vitatu. Nimevipanga jozi saba na kuvitoboa matundu badala ya kuviandika kwa wino, maana wino ungeingilia jaribio. Tundu moja: hakijapakwa chochote. Mawili: mafuta ya nazi. Matatu: mafuta ya alizeti ya jikoni. Manne: nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta ya nazi, dawa niliyoizoea miaka yote. Matano: kiwi isiyo na rangi. Sita: akriliki ya maji, yaani koti jembamba la plastiki, mipako miwili myepesi. Saba: akriliki ile ile, kisha nta juu yake.

Pacha mmoja wa kila jozi nitamtundika barazani, kivulini, apigwe na upepo. Mwenzake ataingia kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko, chini ya meza. Kipima unyevu kimesoma asilimia 74 saa nne asubuhi. Ukungu huanza kustarehe hewa ikizidi asilimia 65 au 70, kwa hiyo hata leo, siku ya jua kali, tumeshavuka mstari.

5 Machi

Leo nimepika nta ya kipande cha saba. Naieleza kwa urefu kwa sababu nimeona watu wakiipika vibaya, na vibaya hapa maana yake ni moto.

Nta yangu ni ya Tabora, ya njano iliyokolea, bado ina harufu ya moshi wa mrina asali. Gramu mia moja nimeikwangua kwa kisu ili iyeyuke upesi. Bakuli la bati ndani ya sufuria ya maji, maji yanachemka taratibu, bakuli haligusi moto. Nta ya nyuki huyeyuka ikifika kama nyuzi 63, kwa hiyo maji ya moto yanatosha kabisa. Ukiiweka moja kwa moja juu ya jiko la mkaa inaungua, inageuka kahawia na hupoteza ule unato wake. Ilipoyeyuka yote nimezima jiko, nimelitoa bakuli nje, hatua kumi kutoka kwenye mkaa, ndipo nikamimina tapentaini gramu mia tatu huku nakoroga kwa kijiti. Mvuke wa tapentaini unashika moto kwa mbali. Mtu asiye na uwanja wa nje asiipike.

Ikipoa inakuwa laini kama siagi. Ukiipaka, tapentaini inaruka, kinachobaki juu ya ngozi ni nta tupu. Hapo ndipo inapotofautiana na dawa yangu ya zamani ya nta na mafuta: ile inaingia ndani na kukaa humo, hii inabaki juu. Wakati huu nilikuwa bado sijui kama tofauti hiyo ina maana yoyote.

9 Machi

Kimekuja kiti cha ofisi cha wakili mmoja wa mjini, kiti kikubwa cheusi cha kuzunguka, ngozi halisi. Mahali pa kichwa pananata, na mikono ya kiti imeanza kuchubuka. Mwenyewe alishajaribu kukisafisha kwa sabuni ya unga na brashi ya kufulia.

Kabla ya kugusa kitu chochote nilifanya kile ninachomfundisha kijana wangu wa karakana kila wiki: tone la maji. Weka tone moja mahali pasipoonekana, subiri dakika mbili. Likinywewa upesi na kuacha doa jeusi, ngozi iko wazi, rangi yake ni ya kuzama tu, haina koti. Hiyo utaigusa kwa tahadhari kama unavyogusa hariri. Likisimama kama shanga, ngozi ina koti la rangi juu yake, na kumbe ukisafisha unasafisha koti, hujaifikia ngozi yenyewe. Likisimama kwanza kisha likazama polepole, liko katikati. Tone la kiti cha wakili lilisimama hadi nikalifuta mwenyewe.

Viti na makochi mengi ya ngozi ni ya namna hii: ngozi ya kromu, yaani iliyotengenezwa kwa chumvi ya kromu badala ya magome, juu yake rangi nzito, juu ya rangi koti la kinga. Kwa hiyo ushauri wa kukipaka mafuta kiti kama hiki ni kupoteza mafuta. Hayaingii. Yanabaki juu yakikusanya vumbi, na yakikaa sana yanalainisha lile koti. Hicho ndicho kilichopata mahali pa kichwa: mafuta ya nywele na jasho, miaka na miaka, yameliloweka koti mpaka limelegea. Mikono ya kiti vivyo hivyo, jasho la viganja.

Sabuni ya unga ilimaliza kazi. Ngozi ina asili ya asidi kidogo, ndivyo inavyotoka kiwandani. Sabuni ya unga, sabuni ya mche na magadi vyote viko upande wa pili, na vikikaa kwenye ngozi vinaidhoofisha. Mimi nimetumia sabuni ya maji ya kuogeshea watoto, kijiko kimoja kwenye lita ya maji, nikaipiga mpaka nikapata povu. Ni povu tu lililogusa kiti, maji nikayaacha kwenye beseni. Sponji laini, kwa duara ndogo ndogo, kisha kitambaa chenye unyevu kilichokamuliwa sana, kisha kitambaa kikavu. Nimerudia mahali pa kichwa mara nne. Mara ya tatu koti lililolegea lilikuja na kitambaa, na chini yake nikaona ngozi ya kijivu yenye ubuluu, rangi ya kromu ambayo mwenye kiti hakuwahi kuijua.

Nimekiacha mbele ya feni hadi kesho.

11 Machi

Kiti. Nimefuta mafuta yaliyosalia kwa spiriti kwenye kitambaa, mkono mwepesi, nikapaka rangi nyeusi kwa sponji mara mbili palipochubuka, kisha koti la kinga mara tatu, kila moja nyembamba kiasi cha kukauka ndani ya nusu saa. Kijana wangu aliuliza kwa nini tusipake mara moja, zito, tukamaliza. Nimempa kipande cha ngozi apake zito. Jioni alikikunja kikakatika katika kwenye mkunjo kama ganda la yai. Sikuhitaji kumweleza zaidi.

Kwa mwenye kiti nimeacha maagizo mafupi: kitambaa chenye unyevu kila Ijumaa jioni, hasa mahali pa kichwa na mikono; kiti kisikae dirishani; asipake kitu chochote kinachong'aa. Jua linapausha rangi na kukausha ngozi, na dirisha lake linatazama magharibi.

17 Machi

Makubadhi ya Idi, jozi kumi na mbili, nusu ni nyekundu iliyoiva. Nyekundu ndiyo inayonitisha. Mtu anavaa kanzu nyeupe, anatembea hadi uwanjani kuswali, mguu unatoka jasho, na rangi inahamia kwenye unyayo na kwenye pindo la kanzu.

Rangi ya spiriti ikikauka huacha unga juu ya ngozi ambao haukuzama. Wengi wetu tunaufunika haraka kwa kiwi ili ung'ae, na hapo tunaufungia njiani badala ya kuutoa. Nimetumia siku nzima kusugua. Kipande cha kanga kuukuu iliyokwisha kuchuja rangi yake, sugua, geuza, sugua, mpaka kitambaa kinatoka safi. Jozi moja ilinila kanga upande mzima. Baada ya hapo akriliki mara mbili, juu na kwenye kingo, nikasubiri usiku kucha, halafu nikapima: kitambaa cheupe chenye maji kidogo, misuguo ishirini palepale. Jozi kumi zimetoka safi. Mbili zimeacha doa la waridi, nimezirudisha nyuma zianze upya.

Juu ya akriliki nimemalizia kwa nta ya tapentaini, nikapiga brashi. Mng'ao wake ni wa chini, hauna kile kioo cha kiwi. Mama mmoja jirani aliyeagiza ya mumewe alisema, "Mwanangu, mbona hayajawaka?" Nikampigia brashi ya kiwi juu juu, maana Idi ni Idi. Kiwi yenyewe ni nta pia, hainipi shida. Ilianzia Melbourne mwaka 1906 na hapa kwetu jina lake limekuwa jina la kazi: tunapiga kiwi hata kopo likiwa la kampuni nyingine.

23 Machi

Mvua imeanza usiku wa juzi. Asilimia 83. Na leo mama ameniletea mkoba wa babu.

Babu alikuwa karani kwenye shamba la mkonge upande wa Korogwe, na mkoba huu ndio aliobebea makaratasi ya malipo. Ngozi nene ya magome, mfuniko mmoja mpana, mikanda miwili ya mbele yenye bizimu za shaba ya manjano, mkanda mrefu wa begani. Ulikuwa juu ya kabati la mama, ndani ya mfuko, kwa miaka ambayo hakuna anayeihesabu. Umeota ukungu mweupe nyuma yote na ndani, kwenye mfuko wake wa kitambaa. Chini una duara la maji. Mkanda wa begani una nyufa kila unapopinda.

"Ngozi imekauka, mwanangu," mama aliniambia. "Ipake mafuta, inywe, itarudi."

"Mama, kwanza niutoe ukungu."

"Haya. Lakini usiuache bila mafuta. Babu yako alikuwa anaupaka."

Nilimtazama akiushika na sikutaka kubishana. Lakini niliandika kwenye ukurasa huu: mafuta ni jambo la mwisho.

24 Machi

Ukungu wa mkoba. Nimeutoa nje wakati mvua imekatika, nimevaa barakoa, nimesimama mgongo kwa upepo. Brashi laini, kutoka juu kwenda chini, ndani na nje, nikaipiga brashi kwenye ukuta kila mara. Kusugua ukungu kwa kitambaa kikavu ndani ya karakana ni kuusambaza kwenye kila kitu kingine ulichonacho.

Kisha spiriti sehemu saba, maji sehemu tatu. Nimejaribu kwanza chini ya mfuniko, mahali ambapo bizimu inapafunika, kuona kama rangi inang'oka. Imeng'oka kidogo sana, hudhurungi hafifu kwenye kitambaa, kiasi ninachoweza kukikubali. Nimefuta mkoba mzima kwa kitambaa kilicholowa kidogo tu, nikageuza mfuko wa ndani nje, nikautundika barazani ukiwa wazi kabisa, vijiti viwili vimezuia mfuniko usifunge. Jua sikulitaka.

Bizimu nazo zilikuwa na utandu wa kijani, laini, unaokwanguka kama nta. Huo unatokana na mafuta ya babu mwenyewe: mafuta yanayokaa kwenye ngozi yanakutana na shaba, yanaila, yanatengeneza ule ukijani. Kila riveti ilikuwa na pete yake ya kijani kwenye ngozi inayoizunguka. Nimeutoa kwa kijiti cha mbao kilichochongwa, riveti kwa riveti, saa mbili na nusu. Chuma kingekwangua ngozi.

1 Aprili

Idi imepita jana. Makubadhi yote yalichukuliwa. Hakuna aliyerudi na kanzu nyekundu.

6 Aprili

Duara la maji chini ya mkoba. Doa la maji kwenye ngozi ya magome halitoki kwa kusuguliwa, kwa sababu si uchafu wa juu. Maji yalipokuwa yanakauka yalisukuma rangi na vitu vya ndani hadi ukingoni yakaviacha hapo. Dawa yake ni kulowesha sehemu nzima sawasawa, kutoka mshono hadi mshono, ili pasiwe na ukingo. Nimetumia sponji na maji yaliyochemshwa yakapoa, nikafuta kwa mkono mmoja bila kusimama hadi kitako chote kikawa rangi moja. Nimejaza karatasi nyeupe ndani kushikilia umbo, kwa kuwa gazeti linaacha wino. Nikakiacha mbali na jiko. Ngozi iliyolowa maji ikisogezwa kwenye joto inajikunyata na kuwa ngumu kama ubao, na hairudi.

Kimekauka kwa siku mbili na nusu. Duara limefifia, halijaondoka. Mimi nimeridhika.

7 Aprili

Leo ndipo nimefika kwenye mafuta. Nimeukunja mfuniko polepole: unapinda bila sauti. Mwili wa mkoba nao una uhai. Ngozi inapotoka kiwandani huwa imeshapewa mafuta yake ndani ya nyuzi zake, na huu umekuwa ukiongezwa na babu maisha yake yote. Hauna kiu. Mikanda ya mbele tu ndiyo mikavu, nayo nimeipaka mara moja, nyembamba, upande wa nyama, yaani wa nyuma, mafuta ya kwato.

Mafuta haya ananiletea kijana anayenunua vifaa Kariokor, Nairobi. Hutolewa kwenye mifupa ya miguu ya ng'ombe, makongoro yale yale ya supu. Mafuta ya miguu ni mepesi kuliko ya mwilini, hayagandi upesi kwa baridi, ndiyo maana mafundi wa matandiko ya farasi wameyapenda tangu zamani.

Mkanda wa begani haukuponyeka. Ufa ni nyuzi zilizokatika, na mafuta hayaungi uzi uliokatika. Yanaulainisha tu ukatike upesi zaidi ukibebeshwa mzigo. Nimekata mkanda mpya kwa kipimo kile kile na bizimu zile zile. Wa zamani nimeuviringisha kwa ulegevu, utakaa ndani ya mkoba.

13 Aprili

Asilimia 86, na feni ya karakana haizimwi. Vipande vya barazani havijabadilika, isipokuwa cha alizeti ambacho kinanata na kimeshika vumbi na nzi mmoja. Mafuta ya alizeti yanaganda hewani kidogo kidogo, yanageuka kuwa kitu kama gundi. Wanaoshauri mafuta ya jikoni kwa viatu waje wakishike hiki.

Boksi sijalifungua. Nimejizuia.

27 Aprili

Amekuja kijana na mito ya kochi lake, anasema ni ngozi, ananiomba niilainishe kwa kuwa inabanduka magamba meusi yanayogandamana na nguo. Nimegeuza gamba moja: nyuma yake kitambaa. Ni leksini, ngozi ya bandia. Nyingine huuzwa kwa jina la ngozi kwa sababu imesagiwa vumbi la ngozi na kugundishwa, lakini uso wake ni plastiki, na plastiki ya aina hiyo huvunjwavunjwa na unyevu na joto, vitu viwili ambavyo Tanga hatuvikosi. Ikishaanza kubanduka hakuna mpako utakaoirudisha, kwa kuwa kinachooza ni ule uso wenyewe. Nilimwambia ukweli na sikuchukua hela yake. Alikuwa amelinunua miaka mitatu iliyopita kwa bei ya ngozi, na nilimhurumia sana. Nimemwonyesha namna ya kuangalia safari nyingine: tazama ukingo uliokatwa. Ngozi ina nyuzi nyuzi mpaka mwisho, leksini ina tabaka mbili kama mkate uliopakwa siagi.

18 Mei

Leo nimefungua boksi. Siku sabini na saba tangu nikate vipande.

Naandika kilichopo mezani kama kilivyo. Kipande cha nazi kimeota ukungu pande zote mbili, mzito. Cha alizeti kimeota na kinanata. Cha nta na mafuta ya nazi, dawa yangu ya miaka yote, kimeota madoa kama sarafu upande wa uso, na upande wa nyama kimefunikwa chote. Cha kiwi uso ni safi, nyuma kimeota. Cha akriliki uso ni safi, nyuma kimeota. Cha saba uso ni safi kabisa, maji yanateleza, nyuma kimeota. Na kile cha kwanza, ambacho sikukipaka chochote, kimeota pia, ingawa kwa uhafifu kuliko vile vya mafuta.

Barazani, hewa ile ile, asilimia zile zile: hakuna chenye ukungu hata kimoja. Hata cha nazi.

Nimekaa na vipande hivi kumi na vinne mbele yangu mpaka adhana ya magharibi. Muda wote nilikuwa nauliza nipake nini. Mpako ulilinda uso, kweli, lakini ukungu haukuwa na haja ya kupitia usoni; uliingia kwa nyuma, upande wa nyama ambao hatuupaki kitu kwa sababu hauonekani. Na mafuta niliyoyaita chakula cha ngozi yalikuwa chakula cha ukungu. Lililotenganisha pacha na pacha lilikuwa upepo.

Nimetoa mikanda yote kabatini leo leo. Imetundikwa kwenye kamba ukutani, haigusani. Kabati nimelitoa mlango.

6 Julai

Mteja wa Lushoto amenirudishia mkanda alioununua mwezi wa pili. Una utandu mweupe kama unga, na anaamini ni ukungu. Nami niliamini hivyo kwa dakika kadhaa, nikakasirika, kwa sababu huu haukuwahi kukaa kwenye nailoni.

Halafu nikaazima draya ya nywele saluni ya jirani. Hewa ya moto kidogo, na utandu ukayeyuka mbele ya macho yangu, ukatoweka. Ukungu hauyeyuki. Yale ni mafuta ya nazi niliyoupaka mwezi wa pili, kabla sijaanza shajara hii. Nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Hapa Tanga mafuta hukaa maji karibu mwaka mzima na hatuyaoni. Lushoto, mwezi wa sita, yamepanda juu yakaganda. Kuna utandu mweupe wa namna ya tatu, wa chumvi, ambao moto hauyeyushi bali kitambaa chenye maji huuondoa. Kwa hiyo sasa ninapoletewa ngozi yenye weupe naanza na draya, kisha kitambaa chenye maji, na kama vyote viwili vimeshindwa ndipo navaa barakoa.

Nimeufuta ukiwa na joto, mara tatu, nikapaka nta ya tapentaini nyembamba. Nimemtumia bila malipo na maelezo ya kilichotokea.

17 Agosti

Kipupwe, asilimia 71, anga safi. Nimekwenda ofisini kwa wakili kukikagua kiti: koti limeshika, mahali pa kichwa pakavu. Kimeondolewa dirishani.

Mkoba wa babu ulikaa barazani masika yote ukiwa wazi. Leo nimeupaka nta ya tapentaini mara moja, kiasi cha ncha ya kidole kwa kila upande, nikapiga kwa kanga. Rangi imezama kidogo, mikwaruzo ya zamani inaonekana bado, na sitaki ipotee. Nilipompelekea mama aliunusa kwanza kabla ya kuutazama.

"Umeupaka mafuta?"

"Mikanda ya mbele tu, mama. Kwingine nta."

Aliukunja mfuniko, akaukunjua, akasikiliza. Kisha akauliza aurudishe wapi, juu ya kabati au sandukuni. Nimempigia ndoano nyuma ya mlango wa ukumbini, unapopita upepo wa baharini jioni, mbali na dirisha. Ule mfuko wa zamani wa kufunikia nimeondoka nao.

Oktoba, vuli ikikaribia, nitakata vipande vingine kumi na vinne. Safari hii nitapaka akriliki upande wa nyama na kuuacha uso wazi, halafu nitarudisha boksi chini ya meza.